Moto Haufukiwi Ndani ya Chuma

"Hakuna moto wa kunishinda mimi hapa Busia," alisema Chrispinus Maloba, akilipiga kofi jiko lake la chuma. "Moto naujua kuliko shetani mwenyewe."

"Haya, jirani yake shetani," alicheka mkewe Truphena. Alikuwa akimnyonyesha Nanjala, mwenye wiki tatu tu duniani.

Ilikuwa mwaka 1964. Mzungu mmoja wa Tororo, akirudi kwao, alimwachia Chrispinus jiko hilo la kuni. Chini lilikuwa na kimlango cha kuingiza hewa. Juu lilikuwa na bomba la moshi lililotokeza nje ya paa. Ndani ya bomba kulikuwa na kibati. Ukikigeuza, njia ya moshi inafunguka au inaziba.

Siku hiyo mvua ilinyesha tangu asubuhi. Chrispinus hakutaka mke na mtoto wapate baridi, akafunga dirisha. Kuni zilipobaki makaa mekundu, akafanya kama mama yake alivyofanya kwenye mafiga: akayafukia kwa majivu ili yadumu. Kisha akafunga kimlango, akaziba bomba pia.

"Sasa joto litapita wapi?" alijisifu.

Joto halikupita. Sumu nayo haikupita.

Mchana Truphena aliumwa kichwa. Chrispinus alisikia kichefuchefu, akawalaumu samaki wa ziwani Majanji waliowala asubuhi. Nanjala aliacha kunyonya, akalegea kama kitambaa kilicholowa.

Ndipo jirani yao Awor alipokuja na uji wa mzazi. Mama huyu alipika miaka mingi kwa jiko kama hilo katika nyumba ya wageni Tororo, na Kiswahili chake alikiokota hukohuko jikoni. Alipofungua mlango tu, akawaona wamelegea na dirisha limefungwa, uji aliuweka chini.

"Nyinyi nakufa humu! Toka!"

Akamnyakua mtoto, akamvuta Truphena. Chrispinus naye alitoka. Mwenyewe husema alitoka akitembea.

Barazani Awor alimpapasa Nanjala mgongoni. "Lia, mama yangu. Lia kidogo tu." Truphena alishika mguu mdogo wa mwanawe. Mwishowe Nanjala alikunja uso, akalia. Chrispinus akalia pia, akasingizia mvua.

"Zahanati kwanza," alisema Awor. "Maneno baadaye."

Waliporudi salama, Chrispinus aliuliza, "Lakini mama, hapakuwa na moshi. Hata harufu!"

"Hiyo ndiyo ubaya yake, mwanangu. Makaa natoa sumu, macho haioni, pua haisikii. Hii chuma napumua kwa bomba. Wewe naziba pua yake, yeye naziba yako."

Akamshika mkono, akamwekea kwenye kibati.

"Ukiwasha, fungua bomba yote na mlango ya chini yote. Moto ikishika, punguza mlango ya chini kidogo kidogo. Bomba usizibe mpaka majivu ni baridi kabisa. Ukiongeza kuni, hakikisha bomba iko wazi, ngoja, halafu fungua mlango kubwa ya kuni polepole. Dirisha iachie nafasi. Na kichwa ya watu ikiuma pamoja, toka nje mara moja!"

Tangu hapo nyumba ilikuwa na joto, na vichwa havikuuma. Nanjala alinenepa mpaka mashavu yakaficha pua.

Jumapili moja wageni walisifu jiko. Chrispinus akakohoa.

"Siku ile niliona hatari mapema," alisema. "Nikasimama, nikatembea mpaka nje, nikawaita wenzangu."

Awor, aliyekuwa mlangoni na Nanjala mgongoni, akaangua kicheko.

"Kutembea gani, Chrispinus? Mimi nalivuta wewe kwa mguu mmoja, kama mbuzi ya sikukuu!"