Jina Lililogoma Kutoka

"Paskalina, nipe... nipe ile... ile ya chai..."

Yudith aliganda, bakuli la sukari mkononi.

"Umeniita nani?"

Ambokile alijishika mdomo. "Siyo... Pa... Paskalina..."

Paskalina alikuwa mpenzi wa zamani wa Ambokile. Tangu pikipiki imwangushe kule Ubaruku na kumjeruhi ubongo, fundi huyu wa mashine za kukoboa mpunga alielewa kila kitu, ila maneno yalimkimbia. Lakini jina la mchumba? Yudith alibeba begi, akatoka pale Soweto, Mbeya, moja kwa moja hadi kwao Kihesa, Iringa.

Simu ikaita njia nzima. Akipokea, anasikia pumzi tu.

"Sema basi!"

"Mimi... wewe..."

Ikakatika.

Nyumbani hakutulia. Anafagia uwanja alioufagia asubuhi, anazima simu, anaiwasha. Mama yake akamwambia:

"Mwanangu, ajali haimfundishi mtu jina la mwanamke. Lilikuwamo moyoni. Achana naye."

Alikuwa karibu kukubali ujumbe ulipoingia, umetoka kwa Bertha, mtaalamu wa matamshi kliniki ya Mbeya: "Dada Yudith, Ambokile amegoma mazoezi. Njoo uone kwanza, ndipo uamue."

Akaenda. Akamkuta amefungwa mkanda kichwani, nyaya mbili zimeshika sponji zilizolowa.

"Jamani, mnampiga shoti?"

"Hapana, dada. Ni umeme mdogo sana, anasikia kama anawashwa tu. Peke yake hauleti maneno, na bado unafanyiwa majaribio. Unauchangamsha ubongo wakati anajifunza." Bertha akainua picha ya kijiko.

"Uma," alisema Ambokile, kisha akapiga meza. "Siyo! Siyo uma!"

"Umeona? Kijiko anakijua. Akilivuta neno, linakuja la jirani."

Picha iliyofuata ilikuwa ya Yudith. Ambokile akabana midomo, machozi yakamtiririka.

"Hapa ndipo anapogomea. Anaogopa kukosea tena."

Yudith alimshika mkono.

"Kosea, Ambokile. Kosea tu, siondoki."

Mama alipopigiwa simu kuambiwa ndoa iko palepale, alifoka:

"Na akikosea jina madhabahuni, watu wote wanasikia?"

"Mama, mchungaji atatamka, yeye atafuatisha. Kufuatisha anaweza."

Wakafunga ndoa Kihesa.

"Mimi Ambokile," alisema mchungaji.

"Mimi Ambokile."

"Nakutwaa wewe, Yudith."

Mtu akakohoa. Mama akainamisha uso.

"Nakutwaa... wewe... Yudith."

Vigelegele!

Mlangoni, Ambokile akamvuta mkono. Midomo ilihangaika. Yudith alijua anachotafuta, na safari hii hapakuwa na wa kumtangulia kulitamka. Wapiga picha wakaita, Yudith hakugeuka.

"Yu... Yudith."

"Abee."

"Viatu... vinanibana."

Yudith alicheka na kulia hadi shela likamdondoka. Akainama palepale na gauni lake jeupe, akaanza kumfungua kamba.