Plagi Kwenye Gunia

Haya yalimpata Pulkeria, rafiki yangu wa Ihanda, na Pulkeria hana akili ya kutunga uongo.

Mwaka themanini na nne mwanawe mkubwa, Byaruhanga, alipinduka na pikapu akafa. Watu wangali wanalala kwenye majani yanayotandikwa chini msibani, mdogo wake Felisiani akaing'oa injini ya marehemu, akaifunga kwenye gari lake. Haraka ya kijinga.

Siku hiyohiyo Komujuni, mjane wa Byaruhanga aliyekuwa na mimba, akashikwa na uchungu vibaya, na hospitali ni mbali. Felisiani akajaribu kuliwasha gari lake, injini ikazunguka tu, haikuwaka.

"Cheche haiji, mama," akasema Felisiani. Akabadili koili, akasugua platini, mwisho akatoa betri, akachomoa plagi zote, zile za kutoa cheche, na kuzilaza kwenye gunia.

"Kaka yako angekuwa ameshafika," Pulkeria akamjibu.

Komujuni na mtoto tuliwazika pamoja. Lakini Pulkeria hasimulii kaburi. Anasema giza lilikuwa linaingia, Komujuni akaacha kugumia mle ndani ya nyumba, kukawa kimya, na pale kwenye gunia, bila waya wowote, plagi zikaanza kulia ta, ta, ta, zikitoa cheche za buluu.