Kitanda cha Twiga

Kila lori likipunguza mwendo barabarani, Fundi alizima mashine na kutega sikio. Lori likipita, aliwasha tena.

Fundi alikuwa seremala. Mumewe alikuwa dereva wa lori, na safari hii ilikuwa ndefu mno. Watu walimwita mumewe Twiga kwa urefu wake.

"Mke wangu, nalala kwenye lori nimejikunja kama kamba," Twiga alisema kwenye simu. "Jumamosi nikifika nataka kunyooka."

"Utanyooka mpaka uchoke," Fundi alimjibu. Simu ilipokatika, aliendelea kuishika.

Akaanza kuunda kitanda kirefu. Mwishowe ilibaki kukata plaiwudi ya kuwekea godoro, na alikuwa nayo moja tu. Diski ya meno ya msumeno wake wa betri ilikuwa butu, hivyo akanunua nyingine sokoni, nene, inayong'aa. Tundu lake la katikati lilikuwa kubwa mno. Fundi akakata kipande cha kopo, akajazia nafasi.

"Diski ni diski," alisema wifi yake, dada wa Twiga, huku akitafuna karanga. "Kata, wifi! Kaka yangu hawezi kulalia maneno."

Fundi alilaza reli ya alumini kwenye plaiwudi ili msumeno uende moja kwa moja. Akabonyeza. Msumeno ulitetemeka, ukala ukanda wa raba ulio ukingoni mwa reli, kisha betri ikaisha katikati ya njia. Ukingo wa plaiwudi ulikuwa kama umetafunwa na panya. Ilibaki nafasi ya kukata mara moja tu. Akikosea tena, Twiga angelala miguu ikining'inia.

"Nani anaumwa jino huku?" Jirani yao, Shangazi Tupa, mnoa misumeno, aliingia. "Kelele zimefika kwangu. Toa betri kwanza, ndipo tuguse diski."

Aliona kile kipande cha kopo.

"Mwanangu! Diski hii ikichomoka ikizunguka, Twiga atakuta mke au atakuta habari?"

Wifi aliacha kutafuna.

"Nilitaka kuwahi, shangazi," Fundi alisema kwa sauti ndogo.

"Najua unachowahi. Soma hapa kwenye msumeno. Upana wa diski na tundu lake viwe sawa na vilivyoandikwa. Na kasi iliyoandikwa kwenye diski isiwe ndogo kuliko kasi ya msumeno."

"Na unene?"

"Diski nene hula mbao nyingi, kwa hiyo hula betri nyingi. Wewe chukua nyembamba kama ile ya kwanza. Kwa plaiwudi, iwe na meno mengi. Meno machache yana haraka, lakini yanachana."

"Na reli yangu?"

"Ile raba ilikatwa na diski yako ya kwanza, kwa hiyo ukingo wake ulionyesha meno yanapita wapi. Diski nene imeila zaidi. Sasa mstari utakudanganya. Bandika raba mpya, uikate kwa diski mpya, ndipo upime."

"Kumbe diski nazo ni kama waume," wifi alisema. "Si kila mmoja anaingia nyumba yoyote!"

"Tofauti ni kwamba diski nikiinoa, inanoleka," Shangazi Tupa alijibu. Hata Fundi alicheka.

Fundi alinunua diski nyembamba ya meno mengi, akachaji betri, akafuata kila neno. Safari hii msumeno uliteleza kwenye reli bila kutetemeka, na ukingo ukatoka laini. Ijumaa jioni kitanda kilisimama chumbani. Fundi akatandika shuka, akajilaza upande wa ukutani. Aliunyoosha mkono upande wa pili. Shuka lilikuwa baridi.

Wifi alichungulia mlangoni. "Kitanda chote hicho, umejibanza ukutani! Sogea katikati, wifi."

"Siwezi," Fundi alisema. "Hapa pana mtu."