Bangili na Boneti

Gari lilisimama hatua moja mbele ya mwanasesere wa kimo cha mtoto, aliyevalishwa bangili, na watu waliokuja kutazama wakapiga makofi. Dereva hakuwa amegusa breki. Gari lilikuwa na kitambuzi, chombo kidogo kinachoisikia bangili ya mtoto hata akiwa nyuma ya ukuta. Bangili hiyo aliibuni Mhandisi Siwema Mtulia, na leo ni yeye aliyetakiwa kuamua kama gari hili jipya litaruhusiwa katika mitaa ya Dar es Salaam.

"Umeona, dada Siwema?" alisema Lukumay, muuzaji. "Boneti inakufika begani, lakini mtoto yuko salama kabisa."

"Nimeona. Atakayelinunua atakwenda nalo wapi?"

"Kazini. Sokoni. Saluni."

"Huko saluni kuna mto wa kuvuka?"

Watu wakacheka, Lukumay naye akacheka. "Mjini mtu anataka heshima, dada. Ukishuka kwenye kigari kidogo cha umeme, hata mlinzi wa getini hakuamkii."

Siwema alishusha pumzi. Jibu hilo lilikuwa limemchosha. Tangu bangili zianze kuvaliwa, magari yalizidi kurefuka kwenda juu kila mwaka, kwa kuwa madereva waliona hawana haja tena ya kutazama chini.

Alimwendea mwanasesere, akamvua bangili.

"Rudieni."

"Lakini dada, sasa huyo..."

"Rudieni, kaka."

Gari likaja, wala halikusita. Mwanasesere akalala chini ya magurudumu. Dereva akatoa kichwa dirishani.

"Nimeshampita?" aliuliza.

Siwema akamwokota mwanasesere.

"Hilo ni kosa la mzazi," alisema Lukumay. "Ilimpasa amvalishe."

"Mwanangu Tunu hakuwa na ya kuvaa," alisema Siwema. "Zilikuwa hazijabuniwa. Aliinama kuokota kandambili yake mbele ya geti letu. Mwenye gari lililomkanyaga naye alilaumu hivyo hivyo, akauliza mzazi alikuwa wapi."

Lukumay akavua kofia. "Pole sana, dada. Sikujua."

"Nimeshapoa. Gari hili haliingii mjini."

"Basi tuambie turekebishe nini. Tuongeze vitambuzi?"

"Ishusheni boneti. Kishusheni na kiti. Dereva amwone mtoto kwa macho yake mwenyewe."

Lukumay alilitazama gari lake kutoka juu hadi chini, kama mtu aliyeambiwa amchinje ng'ombe wa maziwa.

"Sasa si litakuwa gari la kawaida tu?"

"Ndiyo, kaka," alisema Siwema, akimpangusa mwanasesere vumbi usoni.