Kurasa Tatu Alizozikariri

Kila asubuhi, kabla ya kwenda darasani, msichana mmoja alipiga pasi koti lake jeupe huku akisoma kwa sauti. Hakuwa na kitabu mkononi. Kitabu kilikuwa kichwani. Alikuwa mwanafunzi wa tiba ya mifugo katika chuo cha ugenini, na huu ulikuwa mwezi wake wa tatu.

"Redio imeshafunguliwa!" alilalama mwenzake wa chumbani, akijifunika shuka. "Dada, hebu tuwekee muziki kidogo."

"Leo hakuna muziki. Leo ni taarifa ya habari," alijibu, na wote wawili wakacheka.

Hivyo ndivyo alivyopata jina la Redio, wala hakulichukia. Babu yake, mwalimu mstaafu, alimlea kwa kukariri. Kwao, mwanafunzi mwema alikuwa yule aliyerudisha maneno ya mwalimu bila kupunguza nukta. Kuyabadilisha kulihesabiwa kuwa utovu wa adabu.

Basi mhadhiri alipotaka insha kuhusu ugonjwa wa kiwele cha ng'ombe, Redio alijua la kufanya. Mhadhiri mwenyewe alikuwa ameandika kitabu juu ya ugonjwa huo. Redio alikariri kurasa tatu za kitabu hicho, akakaa mezani, akaziandika zote bila kuchungulia. Alipolinganisha, hakuna hata mkato mmoja uliopotea. Aliikabidhi insha yake kwa mikono miwili.

Wiki iliyofuata, insha za wenzake zilirudi na alama. Yake ilirudi na mstari mmoja wa wino mwekundu: "Fika ofisini kwangu."

Mhadhiri alikuwa ameweka kitabu chake mezani, wazi, kando ya insha.

"Haya maneno ni ya nani?" aliuliza.

"Ni yako, mwalimu," Redio alijibu kwa fahari.

"Umeandika wapi kwamba ni yangu?"

Redio alikodoa macho. Kwani mtu hayatambui maneno yake mwenyewe?

"Sikunakili, mwalimu. Niliyakariri. Naweza kuyasema sasa hivi."

"Sina shaka unaweza. Lakini anayechukua maandishi ya mwingine na kuyawekea jina lake, hapa chuoni tunasema ameiba. Kwa kuwa ni mara ya kwanza, kanuni inakuruhusu kuandika upya. Una siku saba. Ukishindwa, au ukirudia, nafasi yako chuoni itafutwa."

Ameiba! Neno hilo lilimchoma. Katika ukoo wao hakuna aliyewahi kuambiwa hivyo. Alishuka ngazi, akaingia maktaba, akaketi mbele ya karatasi tupu.

Mkutubi, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alimtazama kwa muda. Kisha akamsogelea.

"Binti, karatasi hiyo imekukosea nini? Mbona unaitazama kama mna ugomvi?"

Redio alimweleza yote. Mkutubi hakumcheka. Alivuta kiti, akakaa.

"Ukipewa salamu uzipeleke kwa mtu, unasemaje?"

"Nasema, fulani anakusalimu."

"Kwa nini usiseme ni zako?"

"Si zangu, mama. Ni zake."

"Basi na maandishi ni hivyo hivyo. Ukichukua maneno ya mtu kama yalivyo, yafungie ndani ya alama za kunukuu. Useme ni ya nani, ya mwaka gani, yamo ukurasa gani. Ukieleza wazo lake kwa maneno yako, bado mtaje. Mwishoni, andika orodha ya vitabu ulivyovitumia, ili msomaji akitaka aende akahakikishe mwenyewe."

"Nikimtaja kila mtu, changu kitabaki nini?"

"Kwenu mna ng'ombe?"

"Wanne."

"Nani huwakamua?"

"Mama."

"Funga kitabu. Nieleze anavyofanya."

Redio alieleza. Mama yake hunawa mikono kwanza. Huosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, akakikausha kwa kitambaa safi, kila ng'ombe na chake. Matone ya kwanza huyakamulia kwenye kifuniko cheusi, aone kama maziwa yana mabonge. Ng'ombe akiugua, humfunga utepe mwekundu shingoni ili kila mtu wa nyumbani ajue. Huyo hukamuliwa wa mwisho, mikono isije ikawapelekea wengine ugonjwa.

"Hayo umeyasoma wapi?"

"Sikuyasoma, mama. Nimeyaona kwa macho yangu."

"Basi umeona mwenyewe unachoanzia. Kitabu kitakueleza sababu. Wewe tueleze ulichokiona, na umtaje uliyemwona."

Jioni hiyo Redio alimpigia simu babu yake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona sauti imelowa?"

Alimweleza bila kuficha. Kwenye simu ulisikika mkwaruzo wa kiti.

"Babu?"

"Nipo. Nilikufundisha kuyashika maneno. Kumtaja mwenye maneno sikukufundisha. Kosa hili ni letu sote wawili. Sasa kaa kitako uandike, na mgongo uunyooshe!"

"Mgongo wangu unauonaje kwenye simu?"

"Nakujua mimi!"

Redio alinyoosha mgongo. Aliandika kwa siku nne. Kila alipoikuta kalamu yake ikiteleza katika maneno aliyoyakariri, alisimama, akajiuliza ni ya nani, akamtaja mwenyewe.

Siku ya saba mhadhiri aliisoma insha mbele yake. Kila jina lililotajwa alilifuatilia. Alifungua vitabu, akatafuta kurasa, akayakuta maneno pale pale palipotajwa. Mwishowe akaandika: sabini na mbili.

"Umefaulu. Nafasi yako chuoni iko pale pale."

Redio alishusha pumzi. Lakini mhadhiri alikuwa amerudi ukurasa wa pili.

"Huyu mama wa utepe mwekundu. Mfano wake nataka niutumie darasani Jumatatu."

"Utumie tu, mwalimu."

Mhadhiri alichukua kalamu, akavuta karatasi.

"Basi nipe jina lake kamili; hapa umeandika 'mama yangu' tu. Siwezi kusimama mbele ya darasa na maarifa ya mtu bila kumtaja."

Redio alilitaja jina la mama yake polepole, herufi kwa herufi, mpaka mhadhiri alipoliandika bila kosa.