Dawa Waliyogawana Ketki na Lokesh

Kila asubuhi katika mji wa Bikaner, kabla jua halijaanza kuunguza mchanga, nyumba ya akina Ketki ilikuwa tayari inanukia mafuta ya moto. Baba yake na baba yake mdogo walikaanga bhujia, zile tambi nyembamba za unga wa dengu zenye pilipili, na wake zao wakazifungasha kwenye mifuko. Watoto walikuwa wawili tu. Ketki, binti wa kaka mkubwa, alikuwa darasa la sita. Lokesh, mtoto wa mdogo mtu, alikuwa nyuma yake kwa darasa moja. Juu ya wote alikuwapo Bibi.

Bibi alikuwa na sheria moja, na hiyo moja ilimtosha. Kitu chochote kikiingia ndani ya nyumba, hugawanywa sawasawa. Ladu, ule mviringo wa unga na sukari, likibaki moja, alilikata katikati kwa kisu, kisha akagawa hata chembe zilizobaki kwenye sinia. Nguo za sikukuu zilishonwa kwa kitambaa cha jora moja, ndiyo maana siku hiyo Ketki na Lokesh walionekana kama mapazia ya chumba kimoja. Wake wawili wa wanawe walikuwa wanaishi chini ya paa moja, na Bibi aliamini kwamba kisu chake ndicho kilichowazuia wasigombane. Kwa kweli kilisaidia sana.

Kwa kuwa walikula utamu sawa, meno yao nayo yaliharibika pamoja. Jino la Ketki lilianza kuuma usiku, na kwenye ufizi wake kukaota kipele chenye usaha. Wakati yeye analalamika, Lokesh aliamka shavu limemvimba mpaka chini ya taya, mwili unachemka kwa homa. Bibi akawashika mikono, mmoja kulia na mwingine kushoto, akawapeleka kwa Daktari Shobha, daktari wa meno.

Wote wawili walichomwa sindano ya ganzi, na wote wawili waling'olewa jino. Daktari alipoanza kutoa maelezo, Bibi alikuwa mlangoni anazozana na watu, maana kuna mgonjwa aliyekuwa ameondoka amevaa ndala za Bibi. Lokesh alikuwa amejilaza kwenye kiti, hajui hili wala lile. Aliyesikia ni Ketki peke yake.

"Wewe, vijidudu vilikuwa vimejificha kwenye lile jino," Daktari alimwambia. "Jino limetoka, na usaha umetoka nalo. Kilichobaki mwili wako utakimaliza wenyewe. Leo usisukutue, ila kuanzia kesho sukutua na maji ya vuguvugu yenye chumvi. Ukiumwa, meza dawa ya maumivu. Antibayotiki huhitaji. Mwenzako anazihitaji, kwa sababu vijidudu vyake vimeshatoka kwenye jino na kuingia shavuni, na ana homa. Ameze kama nilivyoandika mpaka ziishe, hata akijisikia mzima."

Ketki aliitikia kwa kichwa, pamba ikiwa imejaa kinywani. Alielewa kila neno.

Lakini walipofika nyumbani mambo yalibadilika. Lokesh alilazwa kitandani kwa Bibi, mto chini ya kichwa, na kando yake ikawekwa pakiti ya vidonge vyenye rangi mbili, nyekundu na njano, vinang'aa kama peremende. Kila aliyeingia alimpapasa paji la uso. Ketki alikaa kwenye kiti cha jikoni na shimo lake la jino, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Hatimaye mama yake akauliza dawa zake ziko wapi.

Jibu lote Ketki alikuwa nalo. Lakini roho ilimuuma kumwona Lokesh anadekezwa vile. Akasema neno moja tu. "Sikupewa."

Mama yake akaanza kusema na sufuria, ile namna ya kusema na sufuria ili mtu wa chumba cha pili asikie. Kwamba wa kwake kumbe hakung'olewa jino, aling'olewa ukucha. Mama yake Lokesh naye hakukubali kuonewa. Akajibu kutoka chumbani kwamba dawa ameandika daktari, hakuandika yeye. Sauti zikapanda. Bibi akaja na mkasi, akaikata ile pakiti katikati, akampa kila mtoto nusu yake.

"Jino moja kwa jino moja," akasema. "Daktari alikuwa na watu wengi, amesahau. Sasa nataka kimya."

Kimya kikapatikana. Ketki akameza kidonge chake cha kwanza, na kwa muda alijiona malkia.

Umalkia haukudumu. Usingizini na darasani maneno ya Daktari yalimrudia, akawa hajui ashike lipi. Akazunguka akiuliza kijanjajanja, bila kujitaja. Rafiki yake Parvati alimwambia babu yake aking'olewa jino humeza vidonge vya namna hiyo kila mara, tena vinavyobaki humpa mbuzi wake. Jirani alisema jino bila dawa kali ni kidonda cha kuoza. Hata muuza duka la dawa, bila kuinua macho kwenye simu yake, alimjibu ameze tu, kinga haimdhuru mtu. Watu watatu walisema hivi, daktari mmoja alisema vile. Ketki alichanganyikiwa kabisa. Labda Bibi alisema kweli, Daktari alisahau. Lakini mtu aliyesahau hawezi kueleza sababu vizuri namna ile.

Kisha tumbo likaanza kumsokota, akawa mgeni wa chooni. Shimo la jino, hata hivyo, lilikuwa linafunga vizuri.

Kwa Lokesh ikawa kinyume. Siku za mwanzo homa ilishuka, shavu likapungua, akaanza hata kudokoa bhujia. Nusu yake ya dawa ilipokwisha, homa ikarudi. Shavu likavimba kuliko mwanzo, likawa gumu na jekundu, na mdomo ukagoma kufunguka. Mama yake alimlisha uji wa mchele na dengu kwa kijiko cha chai, na Lokesh akilia kila anapomeza.

Nyumba nzima ikatafuta mchawi. Bibi alisema ni jicho baya, akazungusha pilipili kavu na chumvi juu ya kichwa cha Lokesh, akavitupa motoni mpaka wote wakapiga chafya. Baba mdogo alimlaumu Daktari. Mama yake Ketki aliilaumu bhujia. Ketki alikaa pembeni, kichwa kinamzunguka. Dawa zilikuwa zile zile, tena kwa hesabu sawa. Iweje yeye ambaye hakuandikiwa awe mzima, na aliyeandikiwa awe mahututi? Akamtazama Lokesh anavyohema, akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani mwake.

Wakarudi kwa Daktari Shobha, safari hii nyumba nzima. Daktari alimpima homa, akalibonyeza shavu, akamwambia ajaribu kumeza mate. Lokesh akaweza, kwa shida.

"Dawa alimaliza?" Daktari akauliza.

"Zimekwisha zote," Bibi akajibu. Wala hakudanganya, kwani pakiti ilikuwa tupu.

Uso wa Daktari ukabadilika. "Kama amemeza zote na bado yuko hivi, basi hazimfai. Itabidi nimtafutie kali zaidi, na pengine leo hii alazwe hospitali kubwa."

Mama yake Lokesh akaketi sakafuni. Baba mdogo akauliza hospitali kubwa ipi. Wakubwa wote walijua kilichotokea kwenye ile pakiti, lakini hakuna aliyeona kina maana. Kwao lilikuwa jambo la amani ya nyumba tu.

"Daktari," Ketki akasema, "nusu nilikula mimi."

Wote wakamgeukia. Alikuwa ameshaanza, akaendelea.

"Uliniambia mimi sihitaji, na ukanieleza kwa nini. Nyumbani sikusema. Nilisema tu sikupewa, Bibi akadhani umesahau, akatugawia."

Daktari Shobha alivuta pumzi ndefu, na ilikuwa pumzi ya mtu aliyepata nafuu. "Kumbe. Basi dawa haikushindwa. Ilikatizwa katikati ya kazi." Akaeleza taratibu, kila mmoja asikie. Vijidudu vya Lokesh vilipigwa vikalegea, kisha vikaachwa kabla ya kuisha, vikainuka tena. Ketki hakuwa na vita shavuni mwake, kwa hiyo vidonge vilipita tumboni vikiua hata vijidudu vizuri vinavyosaidia tumbo. Ndiyo sababu ya kuhara. Na mtu akizoea kumeza vidonge ovyo, siku atakapovihitaji kweli vijidudu vitakuwa vimekwisha kuvizoea, navyo vidonge havitamsaidia.

Akampiga Lokesh ganzi, akapasua jipu kwa ndani, usaha mwingi ukatoka. Akamwandikia dozi nzima upya, akasema aletwe kesho aonekane. Akishindwa kumeza au kupumua, wasisubiri asubuhi, wakimbie hospitali.

Jioni hiyo pakiti mpya ilipowekwa mezani, hakuna aliyeshika mkasi. Bibi aliichukua, akamkabidhi mama yake Ketki. "Wewe ndiye utakayempa Lokesh, kila saa yake ikifika, mpaka cha mwisho," alisema. Mama yake Ketki akaona haya, akainama, akaipokea. Akampa mpaka cha mwisho. Shavu likanywea, mdomo ukafunguka, na neno la kwanza refu alilosema Lokesh lilikuwa la kudai bhujia.

Siku hiyo Bibi alimwita Ketki ukumbini.

"Mimi nilikata kwa kutojua," alisema. "Nimezeeka nikidhani kila kitu kikikatwa katikati, haki imetendeka. Nilimpokonya mgonjwa dawa yake, nikampa mzima. Hilo ni kosa langu, na nimekiri mbele ya baba zako. Lakini wewe ulijua, ukasema neno la kweli, ukaficha mengine. Unaliona hilo?"

"Naliona, Bibi."

"Ulisema 'sikupewa', nasi tukaamini ulionewa. Ulipomaliza maneno yako kule kwa Daktari, ndipo mwenzako akapona. Basi tangu leo ukijua jambo, liseme lote. Na vitamu nitaendelea kukugawia sawa na Lokesh mpaka nife. Ila dawa, mjukuu wangu, haiulizi nani anapendwa zaidi. Inauliza nani anaumwa."