Jibu la Swali la Kumi na Nane

Karani wa masijala alikuwa amegonga mhuri maswali kumi na saba. Kwenye faili yalikuwa kumi na nane.

"Mama, umeruka moja," Milimita alimwambia.

"Mimi? Miaka ishirini na sita mhuri mkononi? Labda yamezaana humo ndani."

Milimita hakucheka. Ofisi nzima ya mipango ilimwita hivyo tangu aliporudisha michoro ya msanifu kwa sababu ya fremu moja ya mlango iliyozidi milimita moja. Chuo kilikuwa kinapanuliwa: mabweni mawili na maktaba kwenye kiwanja cha nyuma. Wakandarasi walioitaka kazi hiyo waliruhusiwa kuuliza kwa maandishi, kwenye sanduku la mlangoni, na kila swali lilijibiwa kwa maandishi, nakala kwa wazabuni wote, bila kumtaja aliyeuliza. Jibu likishatiwa sahihi lilikuwa sehemu ya mkataba, sawa na michoro yenyewe. Kujibu ilikuwa kazi ya Milimita.

Karatasi ya kumi na nane ilikuwa na unyevu na ilinuka chokaa mbichi. Mtu alikuwa ameandika kwa penseli: *Nyumba ya zamani ikibomolewa, nani atamhamisha anayekaa humo? Atakaa wapi?*

Nyumba hiyo, iliyokuwa ya mtunza bustani, ilichorwa kwa mistari ya vidoti: ya kubomolewa. Siku ya kutembelea kiwanja, wakandarasi waliitupia jicho wakaendelea kubishana juu ya udongo. Milimita peke yake aliona kwamba mlango ulifungwa kwa waya wenye kutu, ila kizingiti kilikuwa kimefagiliwa.

"Kuna mtu kule?" alimuuliza karani.

"Sijawahi kuona hata moshi. Lakini siku hizi watu wanalala popote."

"Sasa tutampeleka wapi?"

"Mchukue kwako. Si una chumba kitupu?" Karani akajiziba mdomo palepale. Chumba hicho kilikuwa cha mama yake Milimita, ambaye walimzika miezi minne iliyopita. "Nisamehe, mwanangu. Ulimi wangu huu."

"Si kitu, Mama."

Alikaa na karatasi ile mbele yake, akimfikiria mtu asiye na ndugu, mwenye sufuria moja, anayeamshwa na ngurumo za tingatinga. Kisha akaandika: *Mkazi atapewa makazi mbadala kabla ya ubomoaji. Afisa aliyetia sahihi hapa chini ndiye atakayemhamisha.* Alisoma mara tatu. Jibu halikuwa na mwanya. Akatia sahihi.

Kesho yake, karibu na saa sita mchana, alikwenda kumtafuta. Alifungua waya akaingia katika nyumba ya zamani. Hapakuwa na godoro, wala jivu, wala chupa ya maji.

"Hodi," alisema, akijionea haya mwenyewe. "Nimetoka ofisi ya mipango. Nimekuja kuhusu kuhama. Kama upo, tunaweza kuondoka pamoja."

Kipande cha chokaa kilibanduka ukutani kikadondoka. Alifunga mlango, akaenda nyumbani kumpashia baba yake chakula.

Baba yake alikuwa fundi saa mstaafu. Tangu mazishi alikuwa anajibu kwa kichwa tu. Mchana ule alimkuta sebuleni amevaa shati la kutokea, na mezani kulikuwa na vikombe viwili, kimoja kimeachwa nusu.

"Ongea taratibu," alimwambia kwa kunong'ona. "Mama yako amejilaza."

"Baba?"

"Amechoka na safari. Mwache."

Milimita alisimama kwenye korido, jua likiwaka dirishani na mtoto wa jirani akiimba nje kama siku nyingine yoyote, na kutoka chumbani, nyuma ya mlango ambao yeye mwenyewe aliufunga kwa ufunguo baada ya arobaini, alisikia ufagio ukipita sakafuni, polepole, kutoka kona hadi kona, ukifika mlangoni ukitulia, ukirudi, ukija tena, na kila ulipokaribia harufu ya chokaa mbichi ilipenya chini ya mlango ikampanda puani mpaka akahisi ndani ya koo lake kuna ukuta unaopigwa lipu, na hakuthubutu kugusa kitasa, kwa sababu kitasa kilikuwa kinazunguka chenyewe, kwa adabu, kama cha mgeni anayeogopa kusumbua.

Akarudi kazini mbio. Hakumwambia mtu.

Siku zilizofuata baba yake aliongea kuliko alivyoongea mwaka mzima. Alicheka. Alinyoa ndevu. Lakini chakula hakukigusa, na Milimita, ambaye hakuweza kuacha kupima, aliona mkanda wake ukitobolewa tundu jipya, kisha la pili, kisha la tatu. Vidole vyake viligeuka vyeupe kwenye ncha, vyeupe vya unga. Akivipangusa, weupe unarudi.

Wiki ya tatu alimweleza karani. Karani hakufanya mzaha. Alikuja nyumbani na mganga, mama mfupi mwenye miwani mizito, ambaye hakuvuka kizingiti. Alinusa tu, akarudi nyuma.

"Huyu hakuvamia," alisema kwa sauti ya chini. "Amekaribishwa."

"Mimi sijamkaribisha mtu."

"Labda si kwa mdomo. Labda kwa kalamu."

Milimita akakumbuka sahihi yake chini ya jibu la kumi na nane.

"Hana ubaya," mganga aliendelea. "Ni mpweke tu. Lakini upweke wake unakula, na baba yako amempa sahani. Aliyevamia ningemtoa mimi. Aliyealikwa hutolewa na aliyemwalika. Fanya haraka, binti. Baba huyu hamalizi wiki."

Zabuni zilikuwa zinafungwa kesho yake saa nne asubuhi. Baada ya hapo hakuna jibu lililoweza kubadilishwa. Milimita alikwenda kukaa na baba yake.

"Nikimwondoa, Baba, utanisamehe?"

Mzee alitazama mlango wa korido. Mikono yake ilikuwa myepesi kama karatasi.

"Usimwondoe," alisema. "Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu."

Hakika, hakuwahi.

Asubuhi, mkuu wa mipango alisoma tangazo la Milimita akakunja uso. "Unafuta jibu la swali ambalo hakuna mkandarasi anayelikumbuka. Milimita, sasa umezidi."

"Tia sahihi tu, mkuu. Tafadhali."

Saa nne kasoro robo aliwapa wazabuni nakala mkononi, mmoja mmoja, kisha akalibandika tangazo ubaoni: *Jibu la swali la 18 limefutwa. Hakuna makazi yatakayotolewa.* Mstari wa mwisho ulimuuma kuuandika. Alipobonyeza pini ya nne, kutoka upande wa kiwanja cha nyuma zilisikika kwikwi za kilio, nyembamba, za mtu anayejizuia asisikike. Wakandarasi waligeuka. Mmoja akasema ni pampu ya maji.

Nyumbani alikuta mlango wa chumba cha mama yake uko wazi, sakafu safi, harufu imekwisha. Baba yake alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Milimita alimletea uji, akamlisha kijiko kwa kijiko, naye akameza, machozi yakimtiririka bila sauti.

"Hakuwa Mama," alimwambia kwa upole. "Baba, yule hakuwa Mama."

"Najua."

Kijiko kikasimama hewani.

"Mama yako alikuwa na kelele," mzee alisema. "Yule kila asubuhi aliniuliza jina langu, na kila asubuhi nilimwambia. Nilijua tangu siku ya kwanza, mwanangu. Lakini alikuwa anakaa nami."

Akafungua kinywa apokee kijiko kingine, kwa kuwa binti yake alikuwa analia, naye hakuwa na kitu kingine cha kumpa.